Mshahara wangu, uamuzi wa ukoo: mtu anapataje uhuru wake hapa Dodoma bila kukosa radhi?

#1 Mpangaji wa Ilazo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Chukulieni mtu wa miaka 34. Kazi anayo Mtumba, kwenye mji wa serikali, amepanga chumba na sebule Ilazo, hadaiwi na mtu. Akisema anataka kurudi darasani, anaulizwa mdogo wake atasomeshwa na nani. Akipata uhamisho wa Kigoma, mama ataachwa na nani. Akisema mwaka huu haoi, kikao kinakaa Mpwapwa bila yeye, analetewa majibu tu.

Hoja yangu: kamba yenyewe ni pesa. Ukituma laki mwezi wa kwanza ni zawadi. Wa pili ni kawaida. Wa tatu ni haki yao. Wa nne ukipunguza, mjini pamekuharibu. Wenye hesabu watuambie mtu ajipangeje, maana naamini hesabu ikinyooka uhuru nao utakuja. Wapingaji karibuni.

#2 Zabibu Chungu

Mbukwenyi. Kwanza huyo mtu wa mshahara ana nini cha kugombaniwa? Nyumbani wanasikia namba ya juu ya karatasi ya mshahara, ya chini hawaijui. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo peke yake inakata asilimia 8, kuna PSSSF ya pensheni, kuna kodi, kuna bima. Wanagombania mfupa, nyama imeshaliwa njiani.

#3 Karani wa Makato

#2 hapo kwenye bodi umekosea. Asilimia 8 ni ya zamani. Tangu marekebisho ya sheria ya 2016 inakatwa 15 ya mshahara wa msingi. Tuweke hesabu mezani, mshahara wa msingi uwe 900,000:

PSSSF asilimia 5: 45,000
Bima ya afya asilimia 3: 27,000
Bodi asilimia 15: 135,000
Chama cha wafanyakazi asilimia 2: 18,000
Kodi inapigwa baada ya kutoa PSSSF, yaani kwenye 855,000. Ngazi ya 760,000 hadi milioni ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000. Inakuja 91,750.

Jumla ya makato 316,750. Mkononi 583,250.

Sasa angalieni mtego ulipo. Sheria inataka mtumishi abaki na theluthi ya mshahara wa msingi, hapa ni 300,000. Kwa macho ya benki, huyu bado ana nafasi ya kukatwa 283,250 kila mwezi. Na ndugu wanaijua nafasi hiyo kuliko mwenye mshahara. Mkopo unachukuliwa kwa jina la mtumishi, pikipiki inaandikwa kwa jina la shemeji, marejesho miaka sita. Pikipiki inakufa mwaka wa pili, makato yanaendelea minne. Huyo hajatuma pesa, ametuma mishahara ambayo hajaifanyia kazi. Masomo, likizo bila malipo, kuacha kazi akafanye lake, vyote vinafia hapo, kwa kuwa hawezi kukosa hata mwezi mmoja.

Laki ya mama kila mwezi haijamfunga mtu. Saini ndiyo inafunga. Kudhamini kumo humohumo: mdhamini ni mkopaji anayesubiri zamu.

#4 Dogo wa Nkuhungu

Theluthi ikiisha kuna wakopeshaji wa kausha damu. Wale hawaulizi karatasi ya mshahara, wanauliza friji iko wapi 😂

#5 Karani wa Makato

Unacheka, lakini ndiko wanakoishia wengi wa #3. Riba ya wiki, kadi ya benki inashikwa pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia anayeutoa si wewe.

#6 Mama wa Chadulu

Mnisamehe baba zangu, mnahesabu sana. Pesa mtu anaweza kuifungia. Mlango je?

Dodoma si mji wa kawaida siku hizi. Kuna mgonjwa wa rufaa na msindikizaji wake. Kuna mtoto wa shangazi amepata Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na hajapata bweni. Kuna aliyekuja kwenye usaili wa ajira, wapo elfu, na kila mmoja ana ndugu wa kulala kwake. Kuna mjomba anayefuatilia barua wizarani, "kesho tu narudi", wiki ya tatu hii. Wote wanafikia kwa yule aliyepanga chumba na sebule. Akiwa ni binti ambaye hajaolewa ndiyo kabisa: anaamka saa kumi na moja kupika chai ya watu, jioni ugali, na yule aliyelala kochini ni mgeni na ni taarifa ya habari. Nani alikuja kumtembelea, alirudi saa ngapi, friji ina nini. Ikifika Jumapili, Kongwa nzima wameshasikia.

Wanaoyajua haya huuliza mambo matatu kwenye simu kabla ya kutamka "karibu": unakuja kwa jambo gani, unaondoka tarehe gani, nauli ya kurudi unayo? Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Mara nyingi mgeni anayekaa mwezi hakuja kukaa mwezi, alikosa nauli siku ya nne akaona aibu kusema. Mkatie tiketi ya kurudi siku anayofika, uwe umemsaidia kwa kweli. Wa hospitali muulize tarehe ya kliniki ijayo. Kama ni baada ya wiki mbili, nauli ya kwenda na kurudi Manyoni ni ndogo kuliko chakula cha wiki mbili cha watu wawili.

Na wapo wanaonunua kochi la watu wawili makusudi. Mtu mrefu halali hapo zaidi ya siku mbili.

#7 Zabibu Chungu

Kochi fupi 😂😂 hiyo ni sera ya uhamiaji kamili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa Ilazo jembe la nini, hakuna hata pa kulima mchicha.

#8 Dogo wa Nkuhungu

Na SGR imeua kisingizio cha mwisho. Zamani wa Dar ulimwambia basi linachosha. Tangu 2024 anapanda treni baada ya chai, mchana yuko mlangoni anauliza mmepika nini.

#9 Mzee wa Mvumi

Wanangu, mnaongea kama jambo hili lilianza na mishahara ya Mtumba.

Ugogo ni nchi ya msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, tena mvua ya kubahatisha. Inanyesha kijiji hiki, inaruka kile. Mkulima wa huku hakuwa na ghala la kumvusha miaka miwili ya ukame. Ghala lake lilikuwa watu. Ng'ombe walitawanywa kwa ndugu na marafiki wa mbali, si kwa kukosa zizi bali ili ugonjwa au ukame wa mahali pamoja usimalize kundi. Binti aliozwa kule ambako mawingu ni mengine. Kukikauka huku, kuna pa kwenda na gunia tupu ukarudi nalo limejaa.

Mtunya mmeisikia? Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya vita, ya Wajerumani kisha ya Waingereza, yalibeba nafaka, mifugo na vijana wa kuwa wapagazi. Mvua ikakatika juu yake. Aliyekuwa na jamaa upande wenye chakula alikimbilia huko. Asiyekuwa nao hakuwa na pa kwenda.

Kwa hiyo mama akikuuliza "utaniachia nani?" hakufungi kamba. Anakagua ghala.

#10 Mtu wa Bahi

Shikamoo mzee. Mtunya ni miaka mia sasa. Leo mahindi yanatoka Rukwa kwa lori, kuna hifadhi ya chakula ya taifa, kaya maskini zina ruzuku ya TASAF. Ghala la watu lilikuwa na maana pale kila mtu alipokuwa na ng'ombe wa kuweka na wa kuwekewa. Sasa ghala ni mtu mmoja mwenye mshahara, wengine wote ni wateja. Bima gani hiyo mchangiaji mmoja na wadai kumi na saba?

Na tukichimba historia tuichimbe yote. Misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilitoa hongo ya nguo na shanga kwa kila mtemi wa Ugogo ili ipite na inywe maji. Wajukuu tumerithi kazi. Kijana akitaka kupita kwenda kwenye maisha yake, kwanza atoe hongo kwa baba mkubwa, halafu kwa mjomba.

#11 Mzee wa Mvumi

Marahaba. Hongo ililipiwa maji, na visima vilikuwa na waliovichimba na kuvifukua kila kiangazi. Wewe uliyesoma hadi ukaajiriwa, maji uliyokunywa njiani yalifukuliwa na nani?

#12 Dogo wa Nkuhungu

#10 mzee kakufunga goli. Nyamaza kidogo.

#13 Wakili wa Uhindini

Upande wa sheria. Watu huogopa mambo ambayo hayapo.

Ndoa: mwenye miaka 18 na kuendelea haombi ridhaa ya mzazi ili ndoa yake iwe halali. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka hiari ya wawili wenyewe, na taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla. Kutolipwa mahari hakubatilishi ndoa, kifungu cha 41 kinasema hivyo. Mali: Katiba ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki, na mshahara ni mali. Maisha binafsi: ibara ya 16. Matunzo: Sheria ya Ndoa inamtaka mtu kutunza mwenza na watoto. Mtu mzima kumtunza mzazi, hilo nchini ni maadili tu, hakuna sheria.

#14 Afisa Ustawi Mstaafu

#13 hapo mwisho umefupisha mno. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ule wa Banjul, ibara ya 29 inataja wajibu wa mtu kuheshimu wazazi wake wakati wote na kuwatunza wakiwa na shida. Tanzania iliuridhia 1984. Na Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaiweka familia mstari wa mbele katika kumtunza mzee.

#15 Wakili wa Uhindini

Ahsante kwa nyongeza, ni kweli. Lakini mkataba unaibana nchi, na sera si sheria. Onyesha mahakama ya mwanzo itakayompa mzazi hukumu ya kukata mshahara wa mwanawe mtu mzima kwa ibara ya 29.

#16 Afisa Ustawi Mstaafu

Sikusema itampa. Nimesema usiandike "maadili tu" kama vile ni kitu kidogo. Na usome neno lenyewe: *wakiwa na shida*. Mzazi mwenye shida. Hakutajwa binamu anayetaka simu mpya.

#17 Mrangi wa Kolo

Asalaam alaykum. #16 amegusa penyewe. Wengi hutishwa na neno radhi bila kujua mipaka yake.

Katika fikihi, yaani sheria za dini, ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa huku, matunzo ya lazima ya jamaa yanakwenda juu na chini: wazazi, mababu na mabibi, watoto, wajukuu. Na yana masharti mawili: anayetunzwa awe na uhitaji, anayetunza awe na ziada baada ya nafsi yake na mkewe. Kaka, dada, shangazi, binamu, hao ni sadaka na kuunga udugu. Thawabu ipo, tena kubwa, lakini siyo deni. Na hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inaanza na "anza na nafsi yako". Ukoo umeigeuza juu chini: nafsi yako ndiyo ya mwisho.

Jina la matunzo hayo kwa Kiarabu ni *nafaqa*. Ndilo lililotupa neno letu nafaka. Mnaona lilikotoka: matunzo ni chakula, si salio la simu.

#18 Binti Mchungaji

Kanisani pia, amri ya tano, waheshimu baba yako na mama yako, kila mtu anaijua kwa kichwa. Waefeso 6:4, akina baba wasiwachokoze watoto wao, hiyo haisomwi kwenye vikao vya ukoo.

#19 Zabibu Chungu

Amri ya tano au ya nne?

#20 Binti Mchungaji

Ya nne kwenu Wakatoliki na kwa Walutheri, ya tano kwetu Waanglikana. Maneno ni yaleyale, usikimbie hoja.

#21 Stoo ya Kibaigwa

#17 umenipa njia. Mimi ni wa nafaka ile ya gunia, na nasema mleta uzi angetuma nafaka, nusu ya simu zingekoma.

Hesabu ya kaya ya wanne kijijini, wazee wawili na wajukuu wawili: gramu 350 za nafaka kwa kichwa kwa siku, inakuja kilo 511 kwa mwaka. Weka magunia sita ya kilo 100, kuna wageni na kuna upotevu. Nunua Juni hadi Agosti wakati mavuno yamejaa sokoni. Anayetuma pesa ya unga Januari na Februari ananunua mahindi yaleyale kwa bei ya njaa, tena anaongeza "na ya kutolea". Nunua kwa kilo kwenye mizani, lumbesa, gunia la kujazwa kupita kipimo, itakudanganya wewe au itamdanganya mkulima.

Ukavu ndiyo kila kitu. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje za mahindi kama robo, tia chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Ikianguka chini yote, weka stoo. Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016 si hadithi ya mbali.

Halafu mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu: miwili ya plastiki ndani, kiroba nje. Ipulize hewa kwanza uone kama imetoboka. Jaza huku ukishindilia, sokota shingo ya mfuko wa ndani kabisa, kunja, funga kamba. Wa pili hivyohivyo peke yake. Halafu kiroba. Kila mmoja na kamba yake, ukifunga yote kwa kamba moja umeharibu. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta. Wadudu waliomo wanakufa kwa kukosa hewa, dawa haihitajiki.

Kinachoharibika ni hiki: bibi anafungua mfuko huu leo, kesho ule, anachota kisado, anafunga kidogo. Hewa inaingia yote sita. Mkubaliane unafunguliwa mmoja tu hadi uishe.

Na kama ni watu wa uwele au mtama, wapelekee uwele au mtama. Punje ya uwele ni ndogo, haibunguliwi kama mahindi.

#22 Dogo wa Nkuhungu

Mfuko wa plastiki utamzuia Skania? Yule mdudu aliyekuja na meli Dar anatoboa hadi mbao.

#23 Stoo ya Kibaigwa

Dumuzi hakuanzia Dar. Kwa nchi hii alijulikana kwanza upande wa Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970 kuingia ya 1980, na jina la Skania watu walimpa kwa malori yaliyoleta mahindi ya msaada. Asili yake Amerika ya Kati. Ni kweli anaweza kutoboa plastiki akiwa hai ndani, ndiyo maana unapepeta na kuanika vizuri kabla, na unajaza mfuko pomoni ili hewa ibaki kidogo sana, afe kabla hajaanza kazi.

#24 Mtu wa Bahi

Uzi wa uhuru umekuwa uzi wa dumuzi. Kibaigwa, swali: ukishawapelekea magunia sita, kikao cha Mpwapwa kinaacha kuamua lini aoe?

#25 Stoo ya Kibaigwa

Hapana. Lakini kinakaa kikiwa kimeshiba.

#26 Mama wa Chadulu

😂 Naunga mkono #24. Hoja ya #1 imejibiwa hapo: unaweza kumaliza shida yote ya chakula na mtu akabaki amefungwa vilevile. Na mbona mnasema "mtu" tu? Kijana wa kiume akituma, amejenga kwao. Binti akituma, nyumba ni ya kaka. Akiolewa, kwao wanasema bado hajashukuru, kwa mume wanasema pesa inakwenda kwa watu wengine. Anatunza nyumba mbili, na hakuna hata moja yenye jina lake. Halafu yule asiyeolewa ndiye anayeitwa wa kwanza kumuuguza mzee, kwa sababu "wewe huna familia".

#27 Afisa Ustawi Mstaafu

Hilo la kuuguza ndilo zito kuliko yote, na halimo kwenye hesabu ya #3. Anayebaki nyumbani ni kitinda mimba au binti asiyeolewa, anaacha kazi au anaacha kusoma, na wanaotuma pesa ndio wenye sauti. Kikao kizuri huandika pande zote mbili: fulani pesa, fulani mikono. Na mwenye mikono apewe siku zake. Wiki moja kila miezi mitatu mwingine aje kukaa na mzee, mwenyewe aje, asitume pesa badala yake.

Kikao chenyewe: usikiitishe kwenye msiba. Watu wamechoka, wamekopa, kila mwenye suti anaonekana tajiri. Kiitishe baada ya mavuno. Kwanza ongea na mtu mmoja tu mwenye neno, mara nyingi ni shangazi, si baba. Peleka pendekezo lenye mpaka: "Mimi ni dawa za mama za presha na magunia sita. Shule za watoto ni za wazazi wao." Ukisema "nitasaidia ninavyoweza" umejifunga bila kipimo, kila mtu atakupimia.

Na mjue kilichopo. Ada ya sekondari ya serikali iliondolewa 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na 2022 kwa cha tano na sita. Ukiombwa "ada" ya shule ya kata, uliza ni nini hasa. Inaweza kuwa sare, uji au rimu ya karatasi, vitu vyenye bei inayojulikana. Nunua hivyo.

#28 Karani wa Makato

Na wazazi waingizwe kwenye bima. Mchango wa asilimia 3 unakatwa uwe nao au usiwe nao. Kadi ya mtumishi inabeba mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na wazazi au wakwe wamo kwenye wanaoruhusiwa. Cheti cha kuzaliwa cha mtumishi kionyeshe majina ya wazazi kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Herufi moja ikipishana, "Yohana" huku "Johana" kule, fomu inarudi. Kosa la kawaida ni kujaza nafasi nne kwa watoto. Mume na mke wakiwa wote wachangiaji, watoto wapande kadi moja, wazazi kadi nyingine.



#29 Zabibu Chungu

#27 je, mtu ataje mshahara wake kikaoni? Mimi nasema asitaje.

#30 Karani wa Makato

Atauficha vipi? Ngazi za mishahara ya serikali zinajulikana, na kila ukoo una mwalimu mmoja anayezijua kwa kichwa. Onyesha karatasi yote, namba ya chini waione. 583,250 ya pale #3 ikishaonekana, wengine hunyamaza.

#31 Mama wa Chadulu

Au wanaona 283,250 yako ya juu ya theluthi. Umesahau wewe mwenyewe ulichoandika.

#32 Karani wa Makato

Hapo umenipata.

#33 Msomi wa Makulu

Niingie kwa neno lenyewe. Tunasema "uhuru" kana kwamba ni kutokuwa na mtu. Kwenye Kiswahili cha pwani ya zamani kinyume cha mtumwa kilikuwa mwungwana, na mwungwana alijulikana kwa ukoo: huyu mwana wa fulani, wa mji fulani. Mtumwa alikuwa yule aliyeng'olewa kwao, hana wa kumuulizia. Kwa maana hiyo mtu huru ndiye mwenye watu wa kumdai. Asiyedaiwa na mtu ndiye aliyekuwa hatarini.

#34 Mtu wa Bahi

Na huyo mwungwana alimiliki watumwa, mkuu. Usilete maana ya bwana ukampa anayefua nguo za wageni wa sebuleni. #26 alishauliza: nyumba mbili, hakuna yenye jina lake. Ukoo anao, tena miwili.

#35 Msomi wa Makulu

Nakubali kwamba ukoo uligawa uungwana bila usawa. Sikubali kwamba dawa ni kuukimbia.

#36 Mpangaji wa Ilazo (mleta uzi)

Nashukuruni. Nilisema ni pesa. #6 kasema mlango, mzee kasema ghala, #17 kasema mipaka ya wajibu haijulikani, #27 kasema mikono. Bado naona saini ya #3 ndiyo mzizi, lakini sina jibu kwa #24. Mzee wa Mvumi, huyo wa Kigoma aende au asiende?

#37 Mzee wa Mvumi

Aende. Ila aseme nani atakuja kwa mama yake kila Jumamosi. Amtaje jina.

#38 Mama wa Chadulu

Na huyo wa Jumamosi ataulizwa kwanza, au atatajwa tu?

#39 Dogo wa Nkuhungu

Kibaigwa, samahani narudi nyuma. Chumvi ya mawe au ya unga?

#40 Stoo ya Kibaigwa

Ya unga. Na uikaange kidogo kwanza iwe kavu, ipoe. Chumvi ikiwa na unyevu itaganda kwenye chupa hata mahindi yakiwa makavu, utaanika bure wiki nzima.